Je, Yafaa Kuinusuru Dini kwa Mifupa ya Uwongo?

Suala tunalotaka kulizungumza hapa hatukuletewa na mtu kwa barua, bali lilitupata sisi wenyewe, nalo limetukera nafsini hata tukaona kulinyamazia ni khiyana. Suala lenyewe ni hili: Mtu akiwa na jambo la haki, na haki hiyo imethubutu kwa dalili zake, je, yafaa aitilie nguvu kwa khabari ya uwongo, ikiwa nia yake ni njema na wasikizaji wake wanazidi imani kwa sababu ya khabari hiyo?

Katika mwezi wa Shaaban uliopita nilikuwa nikisomesha tafsiri ya Sura ya Al-Haqqa baada ya sala ya Magharibi. Tulipofika pale Mwenyezi Mungu alipowafananisha watu wa Adi, walivyolala wameangamizwa, na magogo ya mitende yaliyo wazi ndani, niliikumbuka picha niliyopelekewa katika simu na mtu ninayemuamini. Picha hiyo ni ya shimo kubwa lililochimbwa, na ndani yake imelala mifupa ya mtu, fuvu lake kubwa kuliko mchimbaji aliyeinama kando yake. Maneno yaliyofuatana nayo yalisema kwamba wachimbaji wa gesi katika jangwa la Rub' al-Khali, kusini mwa Bara Arabu, wamemfukua mmoja katika watu wa Adi, na kwamba wakubwa wameificha khabari hiyo. Nikaisimulia kama nilivyoipata. Nikaitoa simu, ikapita mkono kwa mkono. Watu wakasema "Subhanallah", na walikuwako waliofuta machozi. Nami, sitaficha, nilifurahi, maana ni siku nyingi darsa yetu haikuwa na watu waliosikiliza namna ile.

Watu walipotawanyika alinijia kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu, na sasa yeye mwenyewe ni mwalimu wa skuli. Alingoja mpaka nilipobaki peke yangu, na hiyo ni adabu ninayomshukuru kwayo, akaniambia: "Sheikh, niwie radhi. Picha ile si ya kweli." Nikamuuliza: "Una dalili gani, mwanangu?" Akanionyesha, na dalili zake zilikuwa wazi kuliko picha yenyewe.

Picha ile ilitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2002 na mchoraji mmoja wa Canada, ili aiingize katika mashindano ya picha za uzushi, wala yeye hakudai kuwa ni ya kweli. Kufika mwaka 2004 ilikuwa imekwisha tiwa khabari ya Bara Arabu na ya watu wa Adi, ikaenea dunia nzima, mpaka jarida la National Geographic la Marekani likaikadhibisha wazi mwaka 2007. Na shimo linaloonekana katika picha hiyo ni shimo la kweli, lakini haliko Arabuni. Liko Hyde Park, katika jimbo la New York, na picha yake ya asli ilipigwa kutoka juu mwaka 2000, wakati watu wa Chuo Kikuu cha Cornell walipokuwa wakiifukua mifupa ya mnyama aitwaye mastodoni. Huyo ni mnyama wa jamii ya ndovu, mwenye manyoya na pembe, aliyekuwa akiishi Amerika, na ambaye amekwisha toweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Basi mchoraji alichukua fuvu la binadamu na viungo vyake, akavikuza, akavilaza mahali palipokuwa na yule mnyama.

Nilipofahamu hayo niliona haya ya namna mbili. Ya kwanza ni kuwa nimesema uwongo nikiwa nimekaa juu ya zulia la msikiti, na Qur'ani imefunuliwa mbele yangu. Ya pili ilinijia baadaye kidogo, nayo ni kuwa ndani ya shimo lile mlikuwa na ajabu ya kweli katika viumbe vya Mola wetu, na mimi niliwaonyesha watu kile kilichowekwa juu yake ili kuifunika.

Nikataka niwaambie watu. Lakini kwanza nilikwenda kumtaka shauri ami yangu, naye ni mzee aliyenifundisha herufi, ambaye macho yake sasa yamepoteza nuru. Akanisikiliza, kisha akaniambia: "Mwanangu, wacha. Fulani alikuwa hasali, na tangu siku ile ya picha amerudi msikitini. Ukimwambia ile ilikuwa uwongo, atasema na mengine yote ni uwongo. Uwongo ule haukumdhuru mtu, nao umemfaa mtu mmoja." Haya si maneno ya mjinga, wala si maneno ya mtu asiyeipenda dini. Yalinizuia kusema kwa wiki tatu. Na makala haya, kusema kweli, ni jawabu ninayompa ami yangu, kwa kuwa siku ile nilishindwa kumjibu.

Jambo la kwanza ni kuwa njia hii imekwisha pitwa kabla yetu, na maulamaa wetu wamekwisha ihukumu. Kila aliyesoma ilimu ya Mustalahu 'l-Hadith anaijua khabari ya Nuh bin Abi Maryam wa Marw, katika karne ya pili ya Hijra. Mtu huyu alizisimulia fadhila za sura za Qur'ani, sura baada ya sura, akazitegemeza kwa Ibn Abbas. Alipoulizwa amezipata wapi, alikiri kuwa alizitunga mwenyewe, kwa kuwa aliwaona watu wameshughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na khabari za vita za Ibn Is'haq, wakaipa nyongo Qur'ani. Basi akataka kuwarudisha, akitaraji thawabu. Nia yake hiyo, ewe msomaji, ni nia ya ami yangu, nayo ilikuwa nia yangu mimi nilipoitoa simu. Je, maulamaa walimshukuru? Walimtia katika orodha ya waongo, na jina lake lingali katika orodha hiyo mpaka leo, zaidi ya miaka 1,200 baada ya kufa kwake. Walifanya hivyo kwa sababu walijua kwamba anayetunga kwa ajili ya dini ni khatari kuliko anayetunga kwa kuipinga. Adui watu humtahadhari, na rafiki humfungulia mlango.

Imamu Al-Ghazali naye, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, aliligusa jambo hili mwanzoni mwa kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alipotaja hisabu ya kupatwa kwa jua na mwezi. Alisema kwa maana yake kuwa mtu anayedhani kuwa kuyapinga mambo yaliyothubutu kwa hisabu ni katika kuinusuru dini, basi ameikosea dini na kuidhoofisha. Na kwamba madhara ya anayeinusuru sharia kwa njia isiyokuwa yake ni makubwa kuliko madhara ya anayeitukana. Hivyo ndivyo alivyosema mtu aliyewaandikia wanafalsafa kitabu kizima cha kuwarudi.

Twende kwa watu wa Adi wenyewe. Qur'ani imewataja kwa nguvu na kwa kuzidishiwa ukubwa wa maumbile, na hilo tunaliamini kama lilivyokuja. Lakini haikusema walikuwa na dhiraa ngapi. Dhiraa mia na dhiraa sitini za watu wa Adi zimetoka kwa wasimulizi wa visa, na wengi wao walichota katika Israiliyyat. Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 808 wa Hijra, amewarudi watu hao waziwazi katika Muqaddima yake. Walikuwa wakiyatazama majengo makubwa ya watu wa kale, kisha wakisema: waliojenga haya hapana shaka miili yao ilikuwa mikubwa kama majengo yao. Yeye akawajibu kuwa ukubwa wa jengo hutokana na nguvu za dola, wingi wa watu na vyombo vya kazi. Na akataja nyumba za Thamudi zilizochongwa katika majabali, kuwa milango yake ni milango ya watu kama sisi.

Yuko atakayeniuliza juu ya Hadithi sahihi iliyotaja urefu wa baba yetu Adam, amani iwe juu yake. Hadithi hiyo nimeisoma, nami sina ruhusa ya kuichezea. Ninalotaka msomaji alijue ni namna alivyoisherehesha Al-Hafidh Ibn Hajar katika Fat'hu 'l-Bari. Alisema kuwa makaazi ya Thamudi yanayoonekana hayaonyeshi kuwa watu wake walipindukia kwa urefu, na kwamba hilo ni jambo lenye mushkili, na mpaka wakati ule halijamdhihirikia la kuuondoa mushkili huo. Hakuikadhibisha Hadithi, wala hakuyakadhibisha macho yake, wala hakutengeneza mifupa. Alisema tu kuwa halijamdhihirikia, naye ndiye Ibn Hajar! Sisi tusiofika kuvibeba viatu vyake, twaona aibu kulisema neno hilo mbele ya watu kumi.

Sasa tuitazame mifupa ya kweli, maana ami yangu alidhani kuwa nikiwanyang'anya watu mifupa ya uwongo nitawaacha mikono mitupu.

Mifupa na magamba yaliyogeuka mawe wataalamu huyaita visukuku. Mnyama hufa, akafunikwa na tope au mchanga kabla hajaoza wala kuliwa wote. Tope huzidi juu yake mwaka baada ya mwaka, mpaka uzito wake ukaligeuza jiwe. Maji yanayopenya katika jiwe hilo huwa na madini, na madini hayo hukaa katika vitundu vya mfupa kidogo kidogo, hata mwisho umbo likabaki ni lile lile la mfupa, na kitu chenyewe kimekuwa jiwe. Wengi wa wanyama hawakupata bahati hiyo. Waliliwa, wakaoza, wakasahauliwa. Tunachokiona ni kidogo katika kingi.

Na mtu aliyesoma ilimu ya Hadithi hana haja ya kuistaajabia kazi ya watu hawa, kwani ni dada ya kazi yake. Wao hawauamini mfupa mpaka waujue umetoka katika tabaka gani la ardhi, nini kilichokuwa chini yake, na nini kilichokuwa juu yake, kwa kuwa tabaka la chini ndilo lililotangulia illa pawe na sababu ya kulipindua. Matabaka kwao ni kama sanad kwetu. Kila moja limepokea kutoka kwa lililo chini yake. Mfupa ulionunuliwa sokoni, usiojulikana ulipotoka, kwao ni kama Hadithi isiyo na wapokezi. Lau mimi ningeifanyia picha ile ya simu robo ya uchunguzi ninaoufanya katika Hadithi moja dhaifu, nikauliza: nani aliyeipiga, wapi, mwaka gani, nani aliyekuwapo, basi ingalianguka mara moja. Lakini niliipokea kutoka kwa "imetumwa", na "imetumwa" si mpokezi.

Visukuku hivyo haviko Ulaya na Amerika tu. Viko hapa petu. Mwaka 1877 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Ernst Beyrich, aliandika kitabuni khabari za magamba yaliyogeuka mawe, yaliyochukuliwa Mombasa na kupelekwa Berlin. Magamba hayo ni ya kiumbe wa baharini aitwaye amonaiti, wa jamii ya pweza na ngisi, aliyekuwa akikaa ndani ya gamba lililojikunja kama pembe ya kondoo dume. Yanapatikana katika mawe laini ya tabaka tabaka upande wa bara, kama vile Changamwe, nayo yamekadiriwa kuwa na umri wa miaka kama milioni 150. Ama jiwe tunalolichimba kwa kujengea nyumba zetu, na lililojengewa misikiti yetu ya kale, hilo ni matumbawe yaliyokuwa hai ndani ya bahari wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Mwenye shaka na autazame ukuta usiopakwa chokaa, ataona vyumba vya wale wadudu na vipande vya kombe. Tumekaa ndani ya visukuku na hatuna khabari.

Abu Raihan Al-Biruni, katika karne ya tano ya Hijra, aliliona jambo la namna hii. Aliandika kuwa jangwa la Arabuni lilikuwa bahari, na dalili yake ni kombe na mifupa inayotoka watu wanapochimba visima. Hakungoja Mzungu amwambie.

Na kusini mwa pwani hii hii, katika bara ya mji wa Lindi, kiko kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906, nchi ile ikiwa chini ya Wajerumani na vita vya Maji Maji bado havijazima, mhandisi mmoja wa madini, Bernhard Sattler, aliuona hapo mfupa mkubwa umetokeza ardhini. (Wala siamini kuwa yeye ndiye wa kwanza kuuona, maana watu walikuwa wakipita pale. Yeye ndiye wa kwanza kuuandikia barua.) Kuanzia mwaka 1909 mpaka mwaka 1913 Makumbusho ya Berlin yalipeleka wataalamu, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini waliochimba, na waliojua ncha ya chombo ipite wapi ili mfupa usivunjike, ni wenyeji, hata katika msimu mmoja wakafika kiasi cha watu 500. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, na mnyama mmoja katika wale wa Tendaguru ameitwa kwa jina lake mwaka 2007. Mifupa ilifungwa, ikachukuliwa kwa miguu mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi, mizigo juu ya mabega ya watu ambao wengi wao walikuwa wametoka katika njaa na mauti ya vita. Jumla yake ilikuwa zaidi ya tani 200, nayo ilikwenda Berlin, na sehemu yake kubwa iko huko mpaka leo. Juu ya haki ya jambo hilo nina la kusema, lakini si mahali pake hapa.

Mkubwa katika wanyama hao alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na kimo chake chapita mita 13, yaani zaidi ya twiga wawili mmoja juu ya mwenziwe. Mfupa mmoja wa mguu wake wa mbele wampita mtu kwa urefu. Alikuwa wa jamii ya dinosaria, akila majani, na shingo yake peke yake ingaliyafikia madirisha ya ghorofa ya tatu. Aliishi karibu na zama zile zile ambazo amonaiti walikuwa wakiogelea pale palipo Changamwe sasa. Ewe ndugu yangu, ukimtaka mkubwa, huyu hapa! Na sanad yake ni kamili: tabaka linajulikana, mahali panajulikana, aliyechimba anajulikana, na mfupa wenyewe upo, waweza kuguswa. Kwa nini basi tumwache huyu, twende tukatafute jitu la kuchora?

Nilipomsimulia ami yangu haya siku nyingine, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza neno lililo zito kuliko la kwanza. Akasema: "Mwenyezi Mungu ametwambia kuwa vyote vilivyomo ardhini ametuumbia sisi. Basi huyo aliyekuja akaondoka kabla ya Adam, kaumbiwa nani?"

Hili ndilo linalowatisha wengi, hata wale wasiojua kulisema. Si ukubwa wa mifupa wala hisabu ya miaka. Juu ya miaka, Qur'ani haikututajia umri wa ardhi, na imetwambia kuwa siku iliyo kwa Mola wetu ni kama miaka elfu tunayoihisabu sisi, na mahali pengine ikataja siku ya miaka elfu hamsini. Wale waliodai kuwa dunia nzima ina miaka elfu saba walizichukua hisabu zao kwingineko. Linalotisha ni kuwa umma baada ya umma wa wanyama wameishi, wamezaa, wamekufa, wakamalizika, na hapakuwa na jicho la mwanadamu la kuwaona. Mtu hujiona kama aliyefika katika karamu akidhani imewekwa kwa ajili yake, kisha akakuta kuwa watu wengi wamekwisha kula na kuondoka.

Jawabu niliyompa ami yangu ni hii, na atakayeona nimekosea na anirudi kwa dalili. Ametuumbia vilivyomo ardhini, na hilo ni kweli. Lakini hakusema kuwa hakukiumba kitu illa kwa ajili yetu. Amesema katika Sura ya An-Nahl, baada ya kutaja farasi na nyumbu na punda, kuwa huumba tusivyovijua. Amesema katika Sura ya Al-An'am kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Amesema kuwa kila kitu chamsabihi, nasi hatuifahamu tasbihi yao. Na amesema katika Sura ya Al-Insan kuwa ulimpitia mwanadamu wakati ambao hakuwa kitu cha kutajwa. Basi yule wa Tendaguru alikuwa na riziki yake, na wana wake, na tasbihi yake, kwa muda aliopangiwa, naye hakuwa na haja ya sisi kumtazama ili maisha yake yawe na maana. Aliyemuumba alikuwa akimuona, na hiyo ilimtosha. Na ikiwa aya hizi zatushusha kidogo kutoka katika kiti tulichojiwekea wenyewe, basi hiyo ni katika kazi ya Qur'ani tangu ilipoteremka.

Ama suala la asili ya mwanadamu ni mlango mwingine, na mtu asilichanganye na hili. Dinosaria kuwako na kutoweka ni jambo la kuonekana na kushikwa. Mtu anayeikataa mifupa kwa kuogopa suala hilo lingine ni kama anayekataa kuhisabu deni lake kwa kuogopa jumla.

Wala sisemi kuwa wataalamu hao hawakosi. Yuko samaki aitwaye silakanti, waliyekuwa wakimjua katika mawe tu, wakaandika kuwa alimalizika pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mwezi wa Disemba mwaka 1938 akavuliwa mzima huko Afrika Kusini! Wa pili akapatikana Anzuani mwaka 1952, na wavuvi wa Ngazija na Anzuani walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombesa; na mwaka 2001 akatoka wavuni upande wa Malindi. Nimemsikia mtu akikisimulia kisa hiki kwa kucheka, kuwa wenye ilimu ya visukuku wamefedheheka. Lakini tutazame walifanya nini. Hawakumtupa samaki baharini ili maneno yao yasimame. Waliandika wenyewe kuwa walikosea, wakamtangaza kila mahali, na mpaka leo wakisomesha humtaja kwa furaha. Niliposoma hayo nilikuwa katika wiki ya tatu ya kunyamaza.

Alkhamisi iliyofuata, baada ya Magharibi, niliwaambia watu. Nikasema kuwa picha ile ni ya uwongo, kuwa niliisimulia bila ya kuichunguza, na kuwa khabari ya Adi katika Qur'ani ni kweli na haikuwa na haja nayo. Kisha nikawaeleza kilichokuwamo katika shimo lile. Mtu yule aliyekuwa amerudi kusali aliinuka katikati ya maneno yangu akatoka, na tangu siku hiyo sijamuona tena katika darsa. Nimekwenda kwake mara mbili, sikumkuta. Nitakwenda tena inshaallah. Siwezi kusema kuwa ami yangu alikosea juu yake. Ninasema tu kuwa nilikuwa sina haki ya kumshika kwa kamba ile.

Yule kijana mwalimu alikuwa amekuja na jiwe ndani ya mfuko wa kanzu, nalo ni amonaiti, kadiri ya kiganja cha mkono. Likapita mkono kwa mkono kama ilivyopita simu. Lilipomfikia ami yangu, ambaye picha ile hakuiona kamwe, alilishika kwa mikono miwili, akaufuata mkunjo wake kwa ncha ya kidole kuanzia nje mpaka ndani, kisha akarudi kutoka ndani mpaka nje. Akauliza: "Limetoka wapi?" Kijana akamwambia: "Changamwe, ami, palipokatwa kilima kwa ajili ya barabara." Mzee akasema: "Miaka sitini napita pale." Na hakulirudisha mpaka ilipoadhiniwa Isha.